Tonge la Kwanza la Bi Mwanjaa

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme waliosema na simba, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni, palikuwa na mpishi wa shughuli aitwaye Bi Mwanjaa. Jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa, lakini hakuna mtu aliyewahi kuketi karibu na sufuria yake akaondoka na njaa. Mji wake siutaji. Wenyewe wapo, wazima, na wana maneno.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali. Na namjua mtu hapa anayesinzia sasa hivi, ndiye atakayepiga kelele kuliko wote wakati wa kujibu.

Bi Mwanjaa alipika harusi, alipika hitima, alipika maulidi, alipika hata ubatizo wa jirani zake Wakristo. Na alikuwa na ada moja aliyoipokea kwa mama yake, naye mama yake aliipokea kwa mama yake. Sufuria ikishafunuliwa, kabla sinia la kwanza halijatoka jikoni, mpishi hutia mkono, hufinyanga tonge moja, akalitia yeye mwenyewe kinywani mwa mtu mmoja. Huyo ndiye aliyeiwezesha shughuli ile. Tonge lile halimegwi. Halitolewi mara mbili. Mpishi mwenyewe halili. Na likishaingia kinywani mwa mtu, mji mzima unajua, na mwaka mzima unazungumza.

Tonge hilohilo ndilo lililomgombanisha na Bi Tunu. Hawa wawili walipika pamoja tangu usichana wao, mmoja akikatakata vitunguu mwingine akilia. Miaka tisa nyuma, katika harusi moja kubwa, mvua ilinyeshea kuni zote. Bi Tunu alipuliza moto tangu alfajiri hadi adhuhuri, macho yakavimba kwa moshi. Sufuria ilipofunuliwa, akasogea akae tayari. Bi Mwanjaa akafinyanga tonge, akampa mjomba wa bwana harusi, yule aliyeleta mchele. Bi Tunu akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo wakipishana njiani mmoja hutazama ukuta.

Basi siku moja Bi Mwanjaa yuko jikoni kwa watu, anaonja mchuzi, mara mwiko ukamponyoka. Akainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Wakampa maji anywe, maji yakatokea puani. Kiharusi.

Wakamkimbiza hospitali ya wilaya. Daktari, mwanamke mpole wa sauti ya chini, akampa kijiko kimoja tu cha maji, amtazame. Bi Mwanjaa akakohoa hadi machozi yakamtoka, na sauti yake ikabaki ya majimaji.

Daktari akasema, "Koo lake limesahau kazi. Tukimlisha kwa mdomo, chakula kitaingia mapafuni. Tutampitishia mpira puani mpaka tumboni, uji na maziwa vipite humo. Wengi koo hukumbuka baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo msikate tamaa. Lakini wakati tunangoja kuna adui mmoja, naye ni nimonia."

Mwasiti, mke wa mwanawe Bi Mwanjaa, akauliza, "Daktari, si atakula kwa mpira? Hiyo nimonia itapita wapi?"

"Mpira unazuia njaa, mama, hauzuii mate. Mate yake mwenyewe yanaweza kuteremkia mapafuni. Akilazwa chali, hata uji ulioko tumboni unaweza kupanda ukaingia njia ya hewa. Na mtu akimpa kitu kwa mdomo kwa siri, ndiyo kabisa. Msidhani tukishaweka mpira kazi imekwisha. Ndiyo kwanza imeanza."

Maneno hayo waliyasikia watu wawili, Mwasiti na muuguzi wa wodi, Sista Perpetua. Zamda, binti wa pekee wa Bi Mwanjaa, alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili. Yeye hakuyasikia. Hilo mliweke akilini.

Sasa tuanze na Perpetua. Wodi ile ilikuwa na vitanda ishirini na wauguzi wawili. Kitanda cha Bi Mwanjaa kilikuwa cha kuinuliwa kichwa kwa mkono wa kuzungusha, lakini mkono wenyewe ulikwishavunjika, na fundi aliahidi kuja tangu Ramadhani ya mwaka uliopita. Perpetua akatazama kitanda, akatazama mgonjwa, akatazama kiti chake. Kilikuwa kiti kimoja tu kwenye meza ya wauguzi. Akakichukua, akakipindua juu ya kitanda, akaweka mito juu yake, na Bi Mwanjaa akaegemea hapo, kichwa juu na kifua juu. Tangu siku hiyo Perpetua aliandika taarifa zake amesimama. Alikunywa chai amesimama. Miguu ilimvimba akavaa malapa.

Na kila mlo alifanya yaleyale. Anatazama alama ya wino aliyoichora kwenye mpira pale unapoingia puani, kama haijasogea. Anavuta kidogo kwa bomba la sindano, ajue mpira uko tumboni kweli. Ndipo anamimina uji, polepole, kidogo kidogo. Akimaliza, marufuku kumlaza hadi saa nzima ipite.

Mji ukasema, "Mgonjwa gani anaketishwa kama anangoja gari? Si wamlaze apumzike!"

Perpetua akawaacha waseme.

Tuje kwa Mwasiti. Mji ule una desturi yake. Ukienda kumtazama mgonjwa unakwenda na chako, chungwa, supu, kipande cha mkate wa kumimina. Na mgonjwa sharti aonje mbele ya macho yako, japo ncha ya ulimi. Asipoonja, maana yake anakuogopa. Na kuogopwa na mgonjwa, katika mji ule, ni sawa na kuitwa mchawi hadharani. Sasa fikirieni mpishi aliyelisha mji mzima kwa miaka arobaini ameugua. Kila nyumba ilipika. Watu walipanga foleni na mabakuli.

Mwasiti akatandika mkeka mlangoni mwa wodi, akakaa.

Jirani mmoja, mtu mzima, akasimama mbele yake na bakuli la mchuzi wa kuku. "Mkwe gani wewe? Mama mkwe wako katupikia sote, leo unamnyima hata tone?"

"Samahani, shangazi. Daktari kakataza. Koo lake—"

"Daktari kakataza, au wewe umekataza?"

Mji ukasema, "Anamuua kwa njaa apate kurithi masufuria." Wakampa jina, wakamwita Kufuli. Akienda sokoni, anasikia, "Kufuli huyo anapita." Mpaka mumewe mwenyewe akamwambia, "Mke wangu, waruhusu hata watatu, tunaonekana vibaya."

Mwasiti akamjibu, "Nionekane vibaya mimi, mama aonekane hai."

Hebu semeni, ni wakwe wangapi wa namna hiyo? Lakini mwanadamu huchoka. Siku za kwanza Mwasiti alieleza yote, mate, koo, mapafu. Siku ya kumi akaeleza nusu. Kufika siku ya ishirini alikuwa na neno moja tu kwa kila anayekuja: "Hairuhusiwi."

Siku ya ishirini na moja ndiyo Zamda akafika.

Akaingia na mzigo, na chupa ya chai iliyojaa uji wa mchele, wenye maziwa na hiliki, kama mama yake alivyokuwa akimpikia yeye alipougua utotoni. Akamwona mama ameegeshwa juu ya kiti kilichopinduliwa, mpira puani, mashavu yameingia ndani.

"Wifi, mama kakonda."

"Hairuhusiwi kumpa kitu," Mwasiti akasema.

"Nimeuliza? Nimesema kakonda."

Ndiyo salamu hiyo. Na hao walikuwa mawifi wanaopendana.

Mchana Mwasiti akaenda kufua shuka. Zamda akabaki na mama. Bi Mwanjaa akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akanyoosha kidole kwenye chupa ya chai, kisha kwenye mdomo wake, akamtazama bintiye. Wiki tatu hajaonja kitu ulimini. Mpishi! Nyinyi mngestahimili macho yale? Mimi najijua, nisingestahimili.

Kijiko cha kwanza, Bi Mwanjaa alifumba macho kwa raha. Cha pili, akakohoa kidogo. Cha tatu, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Zamda akalia kwa furaha, akafunga chupa, akaificha chini ya nguo.

Siku ya tatu tangu uji ule, homa ikapanda. Kifua kikawa kinakwenda mbio, kinakoroma, midomo ikabadilika rangi. Daktari akaweka kipimo chake mgongoni, akakunja uso. Nimonia.

Mji ukasema, "Mpira huo! Si tulisema? Mpira ndio umemwingizia maradhi."

Akaja kaka mkubwa wa Bi Mwanjaa, na wanaume wanne, na gari, na shuka la kumbebea. Kaka akasema, "Uchomoeni huo mpira, tumpeleke nyumbani. Kama ni kufa, afe anakula chakula cha watu." Perpetua akasimama mbele ya kitanda akaeleza, hakuna aliyemsikiliza. Mwasiti akaeleza, wakamwambia, "Nyamaza, Kufuli." Mkono wa kaka ulikwishafika kwenye plasta inayoshika mpira puani.

Zamda akasema, "Mjomba, acha."

Mkono ukasimama.

"Mpira hauna kosa. Kosa ni langu. Nilimpa uji kwa kijiko, vijiko vitatu, juzi mchana, wifi alipokwenda kufua. Umeingia mapafuni. Mkimtoa hapa hatapata dawa wala chakula. Mwacheni."

Watu waliomtukana Mwasiti walikuwa papo hapo, na Zamda alijua kwamba kuanzia dakika hiyo matusi yote yatamhamia yeye. Kaka akamwambia, "Umemlisha mama yako mauti?" Akajibu, "Nimemlisha, ndiyo. Sasa nyinyi msimnyime uzima." Shuka likamwanguka mjomba mkononi. Gari likarudi tupu.

Daktari akasema, "Sasa najua napigana na nini." Dawa zikaanza kuingia mshipani. Siku ya nne ya dawa homa ikashuka, watu wakapumua. Siku ya sita ikapanda tena. Daktari akabadilisha dawa, akazunguka kitanda, akasema, "Kuna kitu bado kinaingia mapafuni. Nani kampa kitu?" Zamda akaapa. Mwasiti akaapa. Kiti kilikuwa mahali pake, alama ya wino haijasogea. Bi Mwanjaa akawa anapungua mbele ya macho yao, na kwa mara ya kwanza Perpetua alikwenda stoo akalia peke yake.

Ndipo alipokuja Bi Tunu.

Alikuja mikono mitupu. Nasema mikono mitupu, hana bakuli, hana chungwa, hana hata ndimu. Watu waliokuwa barazani wakageuka kumtazama. Miaka tisa ya ugomvi, leo anakuja hospitali mikono ikining'inia!

Mwasiti akamwuliza kutoka mkekani, "Umeleta nini, Bi Tunu?"

"Sikuleta kitu. Mimi na yeye hatuonjeshani. Nimekuja kumtazama."

"Pita," akasema Mwasiti. Tangu akae pale, huyo ndiye mgeni wa kwanza aliyempitisha bila kubishana naye.

Bi Tunu akasogea kitandani. Akainama. Akanusa. Mpishi ni pua kabla ya mkono. Akasema, "Mdomo huu nani anausafisha?"

Mwasiti akamtazama Zamda. Zamda akamtazama Perpetua. Perpetua akatazama chini.

Mwasiti akasema, "Lakini Bi Tunu, mama hali kwa mdomo. Mdomo usiokula unasafishwa wa nini?"

Kosa hilo lilikuwa la watu wote, msicheke. Nyumba nzima ya wapishi, wanaosugua sufuria kwa majivu mpaka inang'aa, hawakuwaza kwamba kinywa kilichokaa bila kazi kinachafuka.

Bi Tunu akasema, "Miaka thelathini na mitano napika. Sufuria inayopikiwa kila siku haina harufu. Ile iliyofunikwa wiki nne na unyevu ndani, hebu ifunue. Sasa humu kuna mate, na mate mnasema yanashuka kifuani. Yanashuka na nini?"

Perpetua akaweka mikono usoni. "Ni kazi yangu," akasema. "Imeandikwa kwenye karatasi ya kila siku, usafi wa kinywa. Nina vitanda ishirini, mama. Nikasema wale wanaokula kwanza, huyu hali, huyu anaweza kungoja. Nilikosea."

"Basi nifundishe mimi," akasema Bi Tunu, "wewe una vitanda ishirini, mimi nina kimoja."

Perpetua akamfundisha. Kichwa juu, uso ugeuzwe upande. Mswaki laini, maji kidogo sana, kitambaa kilichokamuliwa, tone lisikae mdomoni. Meno, fizi, ulimi, ndani ya mashavu. Siku ya kwanza ulimi ulitoa ukoko mweupe mzito, Zamda akatoka nje hakuweza kutazama. Asubuhi, mchana na jioni, Bi Tunu alikuja. Na kila alipokuja, alisema. Alisema yote ya miaka tisa. "Fungua mdomo, shoga. Zile kuni mbichi, nani alizipuliza? Fungua vizuri. Mjomba wa bwana harusi, alipuliza hata jiko moja? Geuka huku. Miaka tisa natamani kukusema usinijibu, leo Mungu kanipa." Huku anamsugua taratibu kama mtoto mchanga. Bi Mwanjaa machozi yanatiririka, hawezi kujibu. Bi Tunu anayafuta kwa kitambaa kingine, kilekile cha mdomo hapana, maana yeye ni msafi.

Dawa ikaendelea mshipani, mdomo ukawa safi, kichwa kiko juu, mlango umelindwa. Homa ikashuka siku ya pili, ikashuka siku ya tatu, ikatokomea. Daktari akasikiliza kifua, akatabasamu, akasikiliza tena kana kwamba anasikiliza redio.

Siku ya arobaini na nne daktari akasema koo lijaribiwe, Perpetua akaleta uji mzito katika kikombe, na kijiko kidogo. Daktari akasimama upande huu. Mwasiti akatoka mkekani. Zamda hakuthubutu kukisogelea kijiko, akasimama mbali, mikono nyuma. Bi Tunu akampiga mswaki kwanza, ndipo akasema, "Haya."

Kijiko kikaingia. Kidevu chini, kama alivyofundishwa. Wakaona koromeo likipanda, likashuka. Hakukohoa. Wakangoja. Hakukohoa. Daktari akasema, "Mama, sema neno nisikie sauti yako."

Bi Mwanjaa akafungua mdomo wake uliopinda, na baada ya wiki sita neno lake la kwanza likawa, "Chumvi."

"Mama?"

"Hauna chumvi."

Sauti kavu, safi, haina majimaji. Wodi nzima ikapiga vigelegele, mpaka mgonjwa wa kitanda cha kumi na saba, aliyekuwa hajaamka tangu juzi, akauliza kuna harusi gani.

Wiki mbili baadaye mpira ukatoka, akarudi nyumbani kwa miguu yake na fimbo. Na alipopata nguvu akasema, "Nataka kupika." Shughuli ya shukurani. Wakamwambia apumzike, akawatazama tu. Akapika ameketi kwenye kigoda, akielekeza kwa mkono wa kushoto, weka hiki, punguza moto, nani kakatakata vitunguu hivi, ng'ombe? Mji wote ulikuja. Mjomba alikuja. Jirani wa mchuzi wa kuku alikuja, akamwamkia Mwasiti kwa heshima zote, jina la Kufuli hakuna aliyelikumbuka tena, ati.

Sufuria ikafunuliwa, na watu wote wakasogea. Tonge la nani?

Mwasiti akaanza, maana alikuwa amenyamaza muda mrefu. "Mama, mimi sikuzoea kujitaja. Lakini siku arobaini na nne nilikaa kwenye mkeka. Mji huu uliokuja kula leo uliniita muuaji. Kila bakuli nililolirudisha lilikuwa nimonia moja. Nihesabieni mabakuli."

"Na bakuli lililopita ukiwa unafua?" mtu akasema.

"Lilipita, nakubali. Na nilichoka kueleza, nakubali hilo pia. Ningemweleza wifi kama nilivyowaeleza wa siku ya kwanza, asingekosea."

Perpetua alikuwa amealikwa, amekuja na sare zake, zamu inamngoja. Akasema, "Mimi msinihesabu. Ni kazi yangu." Mwasiti akadakia, "Kazi yako ni kusimama wiki sita?" Na daktari, aliyekuwa amekaa pembeni na sahani yake tupu, akasema kwa ile sauti ya chini, "Bila kile kiti, homa ile ingekuja siku ya tano, kabla hata Zamda hajapanda basi. Na nyinyi mngesema ni Mungu." Perpetua akatikisa kichwa. "Na mdomo je, daktari? Niliuacha mimi. Mtu aliyesahau nusu ya kazi anapewa tonge?"

Bi Tunu akakohoa kidogo, akarekebisha kanga. "Mimi nitasema wazi, maana mnanijua. Daktari alikuwa ameshindwa. Dawa zilikuwa zinamwagika kwenye debe linalovuja. Nani aliliziba? Na zaidi ya hapo, shoga, wewe unajua na mimi najua, tonge langu mimi lina miaka tisa."

Mjomba akasema, "Ulikuja umechelewa. Wiki ya nne! Angekufa wiki ya kwanza ungekuja kumsafisha mdomo kaburini?"

Bi Tunu akageuza uso. Akatazama ukuta, kama zamani.

Basi wakageuka wote, wakamtazama Zamda. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kwenye viatu vya watu. Akasema, "Mimi nimekuja kuosha vyombo."

Na hapo akasema mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Alikuwa Bi Tunu. "Subirini," akasema, "tonge nalitaka, lakini sitasema uongo kwa ajili yake. Huyu alimpa mamaye sumu, hakujua. Sote tunajua wangapi humu ndani wangempa. Lakini mpira ulikuwa mkononi mwa mjomba. Sekunde moja, umetoka. Kiti kingefaa nini? Mkeka ungelinda nini? Mdomo ningeusafishia wapi mimi? Nyinyi nyote mlitoa jasho. Huyu alitoa uso wake. Akausimamisha mbele ya mji, mji ukautemea."

"Lakini asingempa uji, kusingekuwa na mjomba wala gari!" Mwasiti akapaza sauti, kisha akajutia sauti yake, akamshika wifi yake mkono. Hakuuachia.

Mji ukasema. Wacha usemwe. Huyu anasema kiti, huyu anasema mkeka, huyu anasema mswaki, huyu anasema ukweli. Mmoja akasema, "Agawe vipande vinne." Wazee wakamzomea, tonge halimegwi. Mwingine akasema, "Ale mwenyewe, kakaa na njaa kuliko sisi sote!" Bi Mwanjaa akacheka kwa upande mmoja wa uso. Mpishi halili, na yeye hakupika siku ile ili avunje ada.

Akatia mkono sufuriani. Mkono wa kulia, ule uliokataa, maana tonge halitolewi kwa kushoto. Mkono wa kushoto ukaushika wa kulia kwenye kiwiko, ukauinua. Tonge likapanda, linatoa mvuke, limefinyangwa vizuri kama zamani. Mbele yake wako wanne. Wa kwanza miguu yake bado imevimba. Wa pili aliitwa muuaji. Wa tatu anatazama ukuta, lakini jicho moja liko huku. Wa nne hajainua uso, na mkono wake umeshikwa na wa pili.

Midomo minne inayojua kumeza, na mkono mmoja ambao bado haujapona sawasawa. Unatetemeka. Punje ya kwanza imeshadondoka. Ya pili hiyo. Hauwezi kukaa juu muda mrefu, na mimi siwezi kuushikilia kwa maneno.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, sema upesi: tonge hili linaingia kinywani mwa nani?